Namba ya NIDA: sheria inambana nani, na wewe ushike wapi

Itazame namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kabla hujaiandika popote. Ni tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia: 19900314 ni mtu wa tarehe 14 Machi 1990. Tano zinazofuata ni msimbo wa eneo alikosajiliwa, tano nyingine ni za mfuatano, na mbili za mwisho ni za kufungia. Maana yake, aliyeiona namba yako ameshajua umri wako hadi siku, na akiwa mjuzi wa misimbo anajua ulijisajilia pande zipi. Hajafungua mfumo wowote wa serikali. Kaisoma tu kwenye karatasi.

Majirani wametofautiana. Namba ya kitambulisho cha Kenya ni fupi, kwa kawaida tarakimu 8, na ukiisoma haikuambii mwenyewe kazaliwa lini. Ya Uganda inaanza na CM kwa raia mwanamume au CF kwa raia mwanamke, kisha zinakuja tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Ya Rwanda ina tarakimu 16: mwaka wa kuzaliwa umekaa wazi baada ya tarakimu ya kwanza, na tarakimu inayoufuata ni 8 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Hata Marekani namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) ilikuwa ikionyesha eneo kwa tarakimu tatu za mwanzo, mpaka tarehe 25 Juni 2011 walipoanza kuzigawa bila mpangilio ili mtu asiweze kuzikisia.

Ukishalijua hilo utauona ubovu wa swali linaloulizwa kila siku kwenye simu za huduma kwa wateja: "Nitajie namba yako ya NIDA, halafu tarehe yako ya kuzaliwa." Swali la pili limeshajibiwa na la kwanza. Anayeuliza anadhani amehakiki mara mbili, kumbe kahakiki mara moja, tena kwa kitu ambacho hakijawahi kuwa siri.

Maana namba hii ni jina. Ni jina refu lisilogongana na la mtu mwingine, na hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa. Imeshapita kwa wakala wa laini, benki, kwa mwajiri, serikali ya mtaa, ofisi ya ardhi na steshenari tatu nne. Kuifanya nywila ni sawa na kufunga mlango kwa ufunguo ambao mtaa mzima una nakala yake. Sheria zetu, kwa bahati nzuri, hazikwenda kwa njia ya kuifanya siri. Zimekwenda kwa yule anayeishika: kaichukua kwa ruhusa gani, anaifanyia nini, anampa nani, na ataiacha lini.

Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 (Na. 11) ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ndani ya tafsiri yake ya taarifa binafsi imo namba ya utambulisho, alama au kitu kingine chochote alichopewa mtu. Kwa hiyo yale mabishano ya "hii ni namba tu, si taarifa" yameshapitwa na wakati. Namba ya NIDA imo, TIN (namba ya mlipakodi) imo, namba ya mtihani imo, ya leseni ya udereva imo, ya kadi ya bima ya afya nayo imo. Tena sheria inasema taarifa iliyorekodiwa kwa namna yoyote. Daftari la kaunta lenye mistari iliyochorwa kwa rula linahusika sawasawa na kompyuta kubwa ya Dodoma. Na wanaobanwa ni kampuni binafsi pamoja na taasisi za umma, kuanzia wizara mpaka halmashauri.

Kabla ya kuchukua namba, taasisi (sheria inaiita mkusanyaji) inatakiwa iwe na kusudi halali linalohusiana na kazi yake, na namba iwe ya lazima kwa kusudi hilo. Inatakiwa ikuambie kusudi lenyewe na nani atapewa. Kwa kawaida iichukue kwako mwenyewe, isiiokote kwa mtu mwingine. Ikishaichukua kwa kazi moja, kuitumia kwa kazi nyingine kunahitaji ridhaa yako au sababu iliyoruhusiwa na sheria. Lazima iilinde, na isikae nayo baada ya kazi kwisha.

Hapa kuna jambo ambalo wengi tunalichanganya, hata baadhi ya mawakili. Watu wanadhani kila kitu ni ridhaa: "sikuridhia, kwa hiyo wamevunja sheria." Kwa duka hoja hiyo ina nguvu. Kwa serikali, mara nyingi haina. Mamlaka ya kodi haihitaji ridhaa yako ili iwe na TIN yako, wala NIDA haikuombi hisani kuhifadhi namba iliyokupa yenyewe. Ofisi ya umma inasimama juu ya sheria iliyoipa kazi. Kwa hiyo swali linalouma ukiwa dirishani ni lile la "sheria gani inakutuma uichukue?" Karani akikujibu "ni utaratibu tu wa ofisi", hapo umeshapata la kuandika kwenye barua. Utaratibu wa ofisi peke yake hauna nguvu ya sheria.

Marekani waliliweka swali hili kwenye sheria yao ya faragha ya mwaka 1974, kifungu cha 7, kwa namna ambayo ingefaa kubandikwa kwenye kila kaunta ya Afrika Mashariki. Ofisi ya serikali inayokuomba namba ya Social Security lazima ikueleze mambo matatu: je, kutoa ni lazima au hiari, ni sheria gani inayoiruhusu kuomba, na itaitumiaje. Ndugu zetu walioko Minnesota au Texas wanaojaza fomu za serikali, hayo ni maswali yenu kabisa, yana miaka hamsini na ushee. Huku nyumbani sheria haikuyapanga kwa mfuatano huo, lakini wajibu wa kukueleza kusudi na wapokeaji unakupa haki ya kuyauliza.

Kenya wana msingi wa juu zaidi. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda mtu asidaiwe bila ya lazima habari za familia yake au mambo yake binafsi, wala zisifichuliwe bila ya lazima. Kuna vitenzi viwili pale, kudai na kufichua. Kosa linaanzia kwenye kudai. Huhitaji kusubiri namba ivuje ndipo ulalamike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyoanza tarehe 25 Novemba 2019, imejengwa juu ya ibara hiyo, na namba ya utambulisho imetajwa humo kuwa mojawapo ya vitu vinavyomfanya mtu atambulike.

Kesi ya Huduma Namba ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu mshtakiwa alikuwa serikali yenyewe na kilichobishaniwa ni namba. Mwaka 2018 sheria ya usajili wa watu ilirekebishwa kuunda mfumo mmoja wa taifa wa utambulisho, ukiruhusu kukusanywa hata vinasaba na majira ya mahali mtu anapoishi, yaani vipimo vya GPS. Uandikishaji ulifanyika mwaka 2019, foleni nchi nzima, fomu zikijazwa kwa kalamu. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walifuta vinasaba na majira ya mahali, na wakasema mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni kamili za kuulinda. Serikali ikatunga kanuni, na tarehe 18 Novemba 2020 ikatangaza kuanza kutoa kadi. Wanaharakati wakarudi mahakamani. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaitengua hatua hiyo kwa sababu moja tu: kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka tathmini ya athari kwa faragha ifanywe kabla ya kuchakata taarifa zenye hatari kubwa, na haikufanywa.

Serikali ilijitetea kwamba taarifa zilikusanywa kabla sheria haijaanza. Jaji akasema sheria hiyo inatekeleza haki iliyokuwemo kwenye Katiba tangu 2010, kwa hiyo inarudi nyuma na kuwafunika hata wale walioandikishwa kabla yake. Hapo ndipo uzito wa hukumu ulipo. Mradi mkubwa wa serikali ulikwama kwa kukosa ripoti ambayo ingeandikwa mapema kwa gharama ndogo. Ripoti hiyo nchini Kenya inapelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza kuchakata. Inaeleza taarifa gani zinachukuliwa, kwa nini hizo na si pungufu, hatari zake kwa mtu, na kinga zilizowekwa. Ukisikia taasisi inaanzisha mfumo mpya unaounganisha namba zenu, iombe hiyo ripoti kwanza, mengine yatafuata.

Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Juni, Wakenya waliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuangalia kama ni wanachama wa chama cha siasa, na wengi wakajikuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi hata kwenda mkutano wake. Haikuhitajika kudukua mtambo wowote. Jina na namba ya kitambulisho vikikutana kwenye karatasi moja, na mtu akawa tayari kuweka sahihi isiyo yake, uanachama umekamilika.

Kwa hiyo tuache kidogo wadukuzi tuzungumze karatasi na mafaili, maana huko ndiko namba nyingi zinakomwagika.

Chukua orodha ya walioitwa kwenye usaili, au ya waliopata viwanja, iliyopandishwa kwenye tovuti. Kusudi lake ni mtu ajitambue. Jina kamili na tarakimu nne za mwisho za namba vinatosha kumtenganisha Juma Hamisi mmoja na mwingine. Ukiweka tarakimu zote 20 umemtangazia dunia tarehe yake ya kuzaliwa bila kazi yoyote. Na ukiweka jina pamoja na namba ya mtihani wa kidato cha nne, umefanya baya zaidi bila kujua. Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yako wazi mtandaoni kwa namba ya mtahiniwa, jinsi, daraja na alama za masomo, bila majina. Ule ukosefu wa majina ndio kinga yenyewe. Orodha yako imeleta jina, na sasa mtu yeyote anaweza kusoma kwamba fulani alipata F ya hesabu. Vipande viwili visivyo na madhara kila kimoja kivyake vimekutana.

Kuficha nako kuna namna zake za kuharibika. Wapo wanaofuta tarakimu mbili za mwisho na kuona wamelinda: mbili zina uwezekano 100 tu, kukisia ni kazi ya chai moja. Wapo wanaoficha katikati na kuacha nane za mwanzo, yaani wameacha kilicho nyeti zaidi. Ficha 16, acha 4 za mwisho. Kwa namba ya Kenya acha 3. Halafu kuna wale wanaochora mstatili mweusi juu ya maandishi kwenye Word kisha wanahifadhi kama PDF. Kwa macho kumejaa weusi. Buruta kipanya juu yake, nakili, bandika kwenye faili tupu, na namba zote zinatoka kama zilivyo. Weusi ni picha juu, maandishi yako chini. Dawa ni kufuta namba yenyewe kwenye chanzo na kuandika nyota badala yake, kisha utengeneze PDF upya. Safu iliyofichwa kwenye Excel ni mtego uleule: mpokeaji anabofya mara mbili, imerudi.

Tukiwa bado kwenye Excel, kuna hitilafu moja inayoumiza watu kimyakimya na haihusu kuvuja kabisa. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Ukibandika namba ya NIDA isiyo na vistari kwenye kisanduku cha kawaida, itaonekana kama 1.99003E+19, na ukiipanua utakuta tarakimu tano za mwisho zimegeuka sifuri. Kilichobaki ni tarehe ya kuzaliwa, eneo, na mbili za mwanzo za mfuatano. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja wanaweza kuwa mtu mmoja. Mmoja anakosa malipo, mwingine anaambiwa keshalipwa. Sheria inataka taarifa ziwe sahihi, na una haki ya kudai zirekebishwe. Lakini karani akiangalia faili haoni kosa, anaona namba ndefu. Safu ifanywe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika, si baada. Baada ya hapo sifuri zimeshaingia na hazirudi. Ukiona namba yako kwenye orodha ya serikali inaishia na sifuri tano, umejua tatizo liko wapi. Waeleze hivyo hivyo.

Kwa mafundi wa mifumo, neno moja kuhusu hashi, ile hesabu inayoigeuza namba kuwa msururu wa herufi usiosomeka. Kuna dhana kwamba ukiigeuza namba kwa hesabu ya hashi kabla ya kuihifadhi, umeificha. Namba ya tarakimu 8 ina uwezekano milioni 100; kompyuta ya kawaida inazipitia zote ndani ya muda mfupi sana na kutengeneza jedwali la kurudisha kila moja. Ya NIDA inaonekana ndefu, lakini kwa mtu ambaye tarehe yake ya kuzaliwa na eneo lake vinajulikana zimebaki tarakimu 7, yaani milioni 10. Hashi iwe na ufunguo wa siri unaotunzwa mbali na kanzidata, au kila mtu apewe namba ya ndani isiyotokana na ya NIDA, na jedwali la kuunganisha likae peke yake na kumbukumbu ya kila aliyelifungua. Hiyo kumbukumbu ndiyo inayomkamata mfanyakazi anayechungulia taarifa za jirani au za mchumba wa zamani. Bila kumbukumbu, taasisi haiwezi hata kukujibu swali la nani aliona.

Upande wa mtu wa kawaida, mahali pabaya kuliko pote ni steshenari. Unatuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp ili ichapishwe. Inashuka kwenye folda la kompyuta ambayo kila mteja anaigusa, na inakaa humo miezi. Nenda na kadi mkononi wakutolee kopi. Ukilazimika kutuma, simama pale mpaka faili lifutwe kwenye folda na kwenye pipa, kisha uufute ujumbe kwa pande zote. Juu ya kopi yenyewe andika kwa kalamu, maandishi yakikatiza picha ya kadi: "Kwa ombi la kiwanja, Halmashauri ya (taja), tarehe (andika) tu." Haimzuii mwizi mwenye nia, ila kopi hiyo haifai tena kuombea mkopo mahali pengine, na ikikutwa huko unajua imetokea ofisi gani.

Wauza laini wa mwavuli nao wana lao: "Haijasoma, weka kidole tena." Mara ya pili huenda unasajili laini ya mtu mwingine kwa namba yako. Piga *106# na ufuate menyu ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kenya kwa Safaricom msimbo ni huohuo. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho, waiondoe na wakupe uthibitisho wa maandishi wenye tarehe. Tarehe hiyo ndiyo utetezi wako polisi wakija kuuliza habari za tapeli aliyetumia laini ile. Ujumbe wa kitapeli wenyewe, kwa Tanzania, utume kwenda 15040.

Sheria ina milango yake ya kutokea, na ni mipana. Tanzania, masharti yanalegea kwa ajili ya amri ya mahakama au sheria nyingine, usalama wa taifa, kuzuia na kuchunguza uhalifu, ukwepaji kodi, na upekuzi wa watu wanaoteuliwa kwenye utumishi wa umma. Sina ugomvi na orodha hiyo kwa jumla. Tatizo langu ni matumizi yake ya mdomoni, pale ofisi inapotamka "usalama" kufungia mjadala wa daftari la getini. Msamaha unahusu shughuli mahususi, haugeuki kinga ya taasisi nzima. Kwa Zanzibar kuna la ziada: sheria hii haigusi huko mambo yasiyo ya Muungano, kwa hiyo swali linalohusu kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi lianze na sheria za Zanzibar zenyewe.

Adhabu si ndogo. Kwa kufichua taarifa kinyume cha sheria, mtu binafsi Tanzania anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kampuni, kati ya milioni 1 na bilioni 5. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaweza pia kutoza mpaka milioni 100 bila kwenda mahakamani. Kenya, kosa la jinai ni hadi shilingi milioni 3 au miaka 10, na faini ya Kamishna ni hadi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Kenya hata tangazo tu kwamba unazo taarifa za watu za kuuza linahesabiwa kuwa umejitolea kuuza. Lakini ukiitazama taasisi ya serikali, faini inatoka mfuko mmoja wa umma kuingia mwingine. Kinachoiuma ni amri ya kusimamisha mfumo, kama Huduma Namba ilivyoonyesha, na afisa kushtakiwa kwa jina lake.

Sasa barua. Usianze na malalamiko; anza na ombi la taarifa zako, kwa sababu jibu lake, au ukimya wake, ndio ushahidi wa malalamiko. Mfano huu unatosha:

"Kwa Afisa wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yah: Ombi la taarifa zangu binafsi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba nijulishwe kwa maandishi: taarifa zangu mlizonazo, ikiwemo kama mmehifadhi Namba yangu ya Utambulisho wa Taifa inayoishia na tarakimu (andika nne), mlizipata kwa nani na lini, sheria na kusudi linalowaruhusu kuzitunza, watu au taasisi mliozipa, na muda mtakaozitunza. Nitaonyesha kitambulisho dirishani kwa ajili ya kunihakiki. Naomba kisitolewe kopi."

Usiandike namba nzima kwenye barua inayolalamikia kusambazwa kwa namba. Inaonekana kichekesho, lakini barua nyingi zinafanya hivyohivyo, na barua hupita mikono mitano kabla ya kumfikia mhusika.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe, na unaondoka nayo. Mapokezi wakisema wao hawagongi nakala ya mteja, ipeleke kwa rejista ya posta na utunze risiti. Ukiwa Kenya, kanuni za 2021 zinaipa taasisi siku 7 kujibu ombi la kuona taarifa, bure, na siku 14 kwa ombi la kurekebisha. Baada ya hapo unapeleka malalamiko kwa Kamishna, ambaye ana siku 90 za kuchunguza na kumaliza. Ukiwa Tanzania, weka wewe tarehe unayotaka kujibiwa ndani ya barua, na siku ikipita peleka faili kwenye Tume: barua yenye muhuri, picha ya orodha au daftari lenye namba yako (za wenzako zizibe), tarehe uliyoliona, na anwani kamili ya ukurasa kama ni mtandaoni. Ukurasa upige picha siku hiyohiyo, kabla hujawaambia wahusika. Ukishawaambia wanaufuta, na ni vema wafute, ila bila picha utabaki unasimulia kitu ambacho hakipo.